Jina la Kumi na Mbili

Kolwezi, tarehe 11 Februari 2024

Kwa yaya Agnès, dada yangu mkubwa,

Nakusalimia wewe, shemeji Mathieu, na wagonjwa wako wote wa huko Kisenge. Sisi tuko. Mke wangu Mignonne bado anauza unga sokoni. Binti yetu Abigaëlle anajiandaa kwa mtihani wa taifa, anasoma kwa sauti kubwa mpaka nadhani majirani nao watafaulu. Mvua ya mwaka huu haina adabu. Banda langu la viatu liko palepale, barabara ya kwenda Mashamba. Watu hawajachoka kumcheka fundi viatu mwenye mguu mmoja, na mimi sijachoka kuwajibu kwamba jozi moja inanitosha miaka miwili. Buti langu la kulia la jeshi nalipaka rangi kila Jumapili kabla ya kanisa. La kushoto lilipotelea hospitalini kwenu, na hilo sijalisahau.

Barua hii nampa dereva wa lori, kwa sababu simu yako inashika juu ya kilima tu, na neno hili sitaki ulisikie ukiwa umesimama kilimani na watu wanapita.

Yaya, nina hasira. Wiki iliyopita waliniita kwenye ofisi ya askari wa zamani kusikiliza jibu la dosie yangu, faili la ulemavu. Miaka mitano nilikuwa nangoja. Karani alisoma huku anatafuna karanga.

«Tata, humu banaandika asema risasi ilipita tu juu ya nyama, ikapona. Kiisha, mu congé, shimo ikakuangukia. Muguu banaikata juu ya shimo, haiko juu ya vita.»

Nikamuuliza, «Shimo gani? Mi sijashikaka jembe hata siku moya!»

«Mi nasoma tu bile banaandika. Ripoti ya opital inasema weye ulikuwa creuseur. Kama haukubali, leta kitu mupya mbele ya tarehe makumi tatu ya septembre. Kisha pale banafunga.»

Mimi, sajini Kabemba Gracien, mchimbaji wa kobalti! Miaka kumi na minne nimelala porini kwa ajili ya nchi hii, halafu wananiandika kama mtu aliyefukiwa akitafuta mawe kwenye likizo. Hao vijana wa mashimoni siwadharau, wanakula kwa jasho. Lakini mguu wangu haukubaki huko.

Na si heshima tu. Kisiki kimefunguka tena, kinatoa maji. Bila kadi ya mlemavu wa vita, hospitali ya jeshi hainipokei, wala mguu wa bandia siupati.

Wewe ulikuwa muuguzi katika hospitali ile ile, mwaka ule ule wa 2017. Niambie ni mpumbavu gani aliyeandika ripoti ile. Nitafutie jina lake tu. Mengine niachie mimi.

Mdogo wako,
Gracien

Kisenge, tarehe 24 Machi 2024

Mdogo wangu Gracien,

Barua yako ilikaa kwa dereva wiki tatu, gari lilimfia njiani. Tumshukuru Mungu haikupotea. Mathieu anakohoa, lile vumbi jeusi la manganezi alilolivuta ujana wake sasa linadai nauli ya kurudi. Zahanati yangu inaendelea. Wiki hii nimezalisha wanne, na mmoja wamempa jina langu, masikini mtoto.

Kisiki chako usikifunge na kitambaa cha nailoni. Chemsha maji, tia chumvi, osha asubuhi na jioni, kiache kipate hewa. Usivae lile gogo la mti ulilojichongea. Mwambie Mignonne nimesema.

Kuhusu neno la dosie, mambo ya zamani yale. Rejista za miaka ile sidhani kama zipo, mchwa wa pale hawachagui. Waliokuwa zamu wengine wamekufa, wengine wako Zambia. Hata ukipata jina, litakuponya? Muombe Mungu, fanya kazi yako, msomeshe mtoto. Ukinisikiliza mimi mkubwa wako, dosie hiyo iache ilale.

Nimekutumia asali kwenye chupa ya mafuta. Usiinuse, uile tu.

Yaya wako,
Agnès

Kolwezi, tarehe 2 Mei 2024

Kwa yaya Agnès,

Asali imefika, asante. Abigaëlle amekula nusu kwa madai kwamba inafungua akili. Pole kwa shemeji. Kisiki nimekiosha kama ulivyosema, kimetulia siku kumi, kikaanza tena.

Sasa nisikilize. Nilikuuliza jina, ukanipa mchwa. Umefanya kazi ile miaka ishirini na tatu. Ulikuwa unamjua hata paka wa jikoni kwa tabia zake. Iweje leo husemi hata nani alikuwa zamu? Na usinitolee ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu. La kwangu limeshakwenda, sina lingine la kutishiwa.

Nimempata mtu wa kunisaidia, tata Kabeya wa chama cha askari wa zamani. Mzee mkali, haogopi ofisi. Alinieleza walivyofikiri: kwenye karatasi za jeshi imeandikwa jeraha dogo, likizo ya miezi mitatu. Kwenye ripoti ya hospitali ya Kolwezi imeandikwa ajali ya machimbo, mguu ukakatwa. Wakaunganisha: jamaa alipona, akaenda kuchimba, akafukiwa. Kamanda wangu alishakufa, hakuna wa kusema vingine. Kabeya ameomba nakala ya ripoti yenyewe kutoka Lubumbashi, ili tuone sahihi ya aliyeniandika.

Nikimpata, yaya, nitamkalia mlangoni kwake na kisiki changu wazi, anuse alichokiandika. Watoto mtaani wanamwambia Abigaëlle, «Papa yako alikuwa creuseur, anadanganya watu asema alikuwa soda, askari ya vita.» Juzi alirudi kutoka shuleni, akalala bila kula. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nitaifuata mpaka mwisho wake.

Nijibu.

Gracien

Kolwezi, tarehe 30 Juni 2024

Agnès,

Sina salamu leo.

Nakala imefika. Mkono ule naujua tangu nikiwa na miaka sita. Ulinifundisha kuandika saba na kuikata katikati, na jina Kabemba na K yenye mkia. Chini umeandika cheo chako na sahihi yako nzima, wala hukuogopa.

Miezi mitano nimekuuliza. Umenitumia asali.

G.

Kisenge, tarehe 21 Julai 2024

Gracien,

Mathieu anaendelea kukohoa, na zahanati ipo. Hizo ndizo habari. Sasa kaa chini, kwa sababu nami nimechoka kumeza.

Ndiyo, ni mkono wangu. Jina la kumi na mbili kwenye orodha ya majeruhi iliyozaa ripoti ile niliandika mimi, na ingekuwa leo ningeliandika tena kwa kalamu ileile.

Unakumbuka nini cha wiki ile? Hukumbuki kitu, ulikuwa unaongea na mama aliyekufa. Jeshi lilikurudisha kutoka Kivu na bandeji moja na karatasi ya likizo. Karatasi inasema jeraha dogo. Mwezi wa pili wa likizo mguu ukawa mweusi. Tulikupeleka kwenye zahanati ya kambi, wakatupa aspirini na pole. Tukakuleta hospitalini kwetu. Mkurugenzi akasema askari hapokelewi bila barua ya kikosi chake. Kikosi chako kilikuwa porini, simu haiiti. Siku nne, Gracien! Siku nne ulikuwa juu ya benchi la ukumbi, kwenye hospitali niliyoitumikia ujana wangu wote, na mimi nakupita na dawa za watu wengine mkononi. Watu walikuwa wanahama benchi kwa ajili ya harufu. Mkurugenzi aliponikuta nalia stoo aliniambia, «Mama Agnès, sheria njo sheria. Leta barua ya jeshi.»

Siku ya tano mashimo ya wachimbaji yaliporomoka. Wakaletwa vijana kumi na moja, wamejaa udongo mpaka mdomoni. Amri ikatoka kwamba wa mashimoni wote wapokelewe bila karatasi, kwa sababu waandishi wa redio walikuwa getini. Orodha ilikuwa mikononi mwangu. Nilichota udongo kwenye nguo za mmoja wao, nikakupaka usoni na kwenye shati, nikaandika: 12, Kabemba Gracien, mchimbaji. Ukaingia wa tatu kwenye chumba cha upasuaji. Daktari alikata na kwenda kwa mwingine. Hakuna aliyeuliza, siku ile hakukuwa na nafasi ya maswali.

Njia ya mwongo ni fupi, unaniambia. Ya kwako ilikuwa fupi zaidi, ilibakiza siku moja kufika makaburini.

Na wewe mkweli, nikuulize. Magongo unayotembelea uliyapata wapi? Ushirika wa wachimbaji uliwaletea majeruhi wake. Ulikuwa umepata fahamu, umekaa kitandani unakunywa uji. Walikupa karatasi, ukasoma «mchimbaji», ukatia sahihi, ukayapokea. Niliona. Katika barua zako zote hilo sijalisoma popote. Sikukulaumu, mtu anahitaji kusimama. Lakini usije ukanikalia mlangoni peke yangu.

Kwa nini nilinyamaza? Kwa sababu niliogopa. Mimi nina miaka hamsini na tisa. Kuandika uongo kwenye rejista ya hospitali ni gereza, na zahanati hii itafungwa na hakuna mwingine wa kuzalisha wanawake wa hapa. Nilijiambia utasahau. Mficha maradhi kilio humfichua, na mimi muuguzi nilipaswa kulijua hilo kuliko wote.

Ndani ya bahasha hii kuna ushuhuda wangu. Nimeandika yote na jina langu na sahihi, Mathieu na pasta wametia zao. Nimeandika pia kwamba mguu ule niliuosha mimi baada ya kukatwa, kabla ya kuuzika, na kwamba chini ya goti, ndani ya mfupa, kulikuwa na chuma. Nilikigusa kwa kidole. Jeraha dogo! Waje waniambie mimi jeraha dogo.

Peleka. Wakitaka kunifunga, njia ya Kisenge wanaijua.

Agnès

Kolwezi, tarehe 14 Agosti 2024

Yaya Agnès,

Nakusalimia. Abigaëlle amefaulu, asilimia sitini na mbili. Mignonne alijipaka unga wote wa siku ile usoni, na wateja pia akawapaka.

Barua yako nimeisoma banda limefungwa. Nimesoma mara nyingi. Karatasi ya magongo ni kweli. Nilisoma neno lile na nikatia sahihi, na tangu siku ile nimekuwa nikiwapigia kelele watu wote ili nisijisikie mwenyewe. Kuomba msamaha kwa barua sijui, tukionana nitajaribu. Lakini hasira yangu haijaisha, imegeuka tu upande. Sasa namwona yule mkurugenzi na benchi lake. Namwona aliyekaa mezani Kivu akaandika «dogo» bila hata kuinua bandeji.

Ushuhuda wako nilimwonyesha tata Kabeya. Alivua miwani, akaifuta, akaniambia: «Hii karatasi ikiingia kule, dada yako anaenda mu buloko, mu gereza. Na weye unaweza kukosa vilevile. Batasema asema kinywa ya dada ni kinywa ya dada. Bao banataka kitu ya kushika mu mukono.»

Basi nakuuliza swali ambalo miaka saba sikutaka kuliuliza, na wewe hukutaka kulijibu. Mguu wangu uliuzika wapi? Na kile chuma, ulikitoa?

Zimebaki wiki sita.

Gracien

Kisenge, tarehe 1 Septemba 2024

Tata Gracien,

Leo nakuita kwa jina la baba kwa sababu neno hili ni lake.

Mguu wako uko kwake. Makaburi ya zamani, upande wa miguu ya baba, mkono wa kushoto, nilipoweka matofali matatu ya nyumba yetu ya zamani. Unapokwenda kupalilia kila mwezi wa kumi na moja unakaa juu yake. Mara mbili nilitaka kukwambia usogee.

Chuma sikukitoa. Kilichoingia mwilini kinazikwa na mwili, ndivyo bibi alivyotufundisha. Niliufunga kwenye kikwembe changu cha harusi, kile kitenge cha kijani. Na buti lako la kushoto niliweka humo. Mtu haendi kwa baba yake peku.

Usiende na watu wa ofisi tu. Mwambie baba kwanza, kwa sauti, umwambie kinachokuleta. Na udongo wa kwanza usiguswe na mwingine. Mwenye mwili ndiye anayeanza.

Barua hii nimempa kondakta wa treni. Amenipa ahadi kwamba haitalala.

Agnès

Kolwezi, tarehe 2 Oktoba 2024

Yaya Agnès,

Pokea salamu kutoka kwetu wote. Mwambie shemeji nimempelekea dawa ya kifua kwa dereva anayekuletea barua hii. Kisiki bado kinauma, lakini leo sitakuandikia maumivu.

Tulikwenda tarehe 19, mimi, Mignonne, tata Kabeya na kibali cha manispaa, na daktari mmoja wa kambi, kapiteni kijana. Nilimwambia baba. Nilisema, «Tata, mi nakuja kuchukua kitu yangu. Haiko juu ya kukusumbua. Bao banasema mi ni mubongo, mi nadanganyaka.» Mignonne alilia. Kapiteni alitazama pembeni.

Kisha nilishika jembe. Yaya, kwa gongo moja chini ya kwapa na jembe mkono mwingine, jaribu uone! Kabeya alitaka kunisaidia, nikamfokea. Nilichimba nimepiga goti, jua linanichoma kisogo, na kila nilipoinua udongo nilikuwa nacheka peke yangu kama mwendawazimu, kwa sababu saa ile ripoti yako ilikuwa kweli. Kabemba Gracien, mchimbaji.

Kikwembe chako kimeoza, umebaki uzi wa kijani kidogo. Mfupa upo. Kapiteni aliushika kwa glavu, akaugeuza. Chuma kimekaa ndani, kimekwama kwenye mfupa mpaka mfupa umekizunguka. Akaandika palepale juu ya gari: kipande cha risasi, jeraha la vita, ndicho chanzo cha kukatwa mguu. Akatia mhuri.

Tarehe 26 nilikuwa Lubumbashi mbele ya komisyo, lile baraza la dosie zetu linaloongozwa na kanali. Nilibeba kisanduku cha bati na mfuko. Niliweka karatasi ya kapiteni mezani. Nikafungua kisanduku. Halafu nikatoa buti la kulia lililopakwa rangi, nikatoa na la kushoto lililotoka udongoni, nikayapanga pamoja mbele ya kanali, kisigino kwa kisigino.

Kanali aliuliza ni nani basi aliyedanganya hospitali kwamba mimi ni mchimbaji.

Nikamwambia, «Ni miye. Sahihi ya kupokea magongo, iko yangu. Kama munataka kufunga mutu, munifunge miye. Lakini mutafute pingu ya muguu moya.»

Kanali akanitazama, akatazama mabuti, akamwambia karani aandike: dosie imefunguliwa tena, kitu kipya kimepokelewa. Mhuri ulipigwa siku nne kabla ya kufunga. Hukumu yenyewe wanasema mwezi wa kwanza, na kwa serikali hii inaweza kuwa mwezi wowote. Lakini kadi ya muda ya hospitali ya jeshi nimepewa, na Jumatatu watanipima mguu wa bandia. Abigaëlle ameibandika nakala ya mhuri mlangoni, upande wa nje, inayotazama barabara.

Chuma wamekibakiza wao, risiti ninayo. Mfupa nimeurudisha kwa baba Jumapili, nimeufunga kwenye kikwembe kipya cha Mignonne. Mabuti niliyaweka humo yote mawili. La kulia limechoka kungoja.

Ndani ya bahasha hii utakuta ushuhuda wako. Huku hakuna aliyeusoma ila Kabeya na mimi. Utumie kuwashia moto wa kuchemshia maji, maana nasikia wanawake wa Kisenge hawaachi kuzaa.

Mdogo wako,
Kabemba Gracien, wa kumi na mbili